Mtoto wa jicho harudi: ukungu baada ya upasuaji na tiba ya leza

Kila baada ya Siku ya Afya ya Macho Duniani, ambayo huwa Alhamisi ya pili ya Oktoba, dawati letu hapa kliniki ya macho hupokea malalamiko ya aina moja: "Nilitolewa mtoto wa jicho, nikaona vizuri kabisa, sasa amerudi. Mliniwekea lenzi mbovu."

Harudi. Kilichotolewa ni lenzi ya asili iliyopata ukungu, na ikishatoka imetoka. Lakini lenzi hiyo hukaa ndani ya mfuko mwembamba, na ukuta wa nyuma wa mfuko huo, ambao katikati una unene wa maikromita 4 hivi (sehemu nne za elfu za milimita), tunauacha makusudi. Ndio unaoshikilia lenzi ya bandia isitumbukie nyuma, na ndio unaozuia ute wa ndani ya jicho usije mbele. Daktari awe makini namna gani, chembe hai chache hubaki kwenye kingo za mfuko. Baada ya miezi au miaka huzaliana, hutambaa ukutani, na ukuta uliokuwa angavu huwa kama kioo cha dirisha la bafuni. Hapo maandishi ya simu hufifia, na usiku taa za magari hutawanyika machoni. Kwa watoto wadogo hali hii hutokea karibu kwa wote, ndiyo maana upasuaji wao hupangwa tofauti tangu mwanzo.

Tiba yake ni leza ya YAG, iliyoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Si mpya, si ya majaribio, na si mionzi ya saratani. Na kwa wale wanaofika wakiomba "mnipige leza mtoto wa jicho aondoke bila kukatwa": leza hii haitoi mtoto wa jicho. Inatoboa ukuta uliochafuka nyuma ya lenzi ya bandia, basi. Kama hujafanyiwa upasuaji, haikuhusu, hata jirani yako awe amepona kwa dakika tano.

Dakika tano hizo ni kweli. Unatiwa matone ya kupanua mboni, kisha ya ganzi. Unaegemeza kidevu kwenye mashine, paji la uso likigusa mkanda, na daktari anaweza kukuwekea kioo kidogo juu ya jicho ili usipepese. Utaona mwanga mwekundu na kusikia vishindo vidogo, tik, tik. Hakuna sindano, hakuna kushona, hakuna kulazwa. Tundu la milimita 3 au 4 linatosha. Usiendeshe gari wala pikipiki siku hiyo, maana mboni iliyopanuliwa hukaa hivyo kwa saa kadhaa.

Kabla ya hayo lazima upimwe, na hapa ndipo watu wengi hutukasirikia. Si kila ukungu baada ya upasuaji unatokana na mfuko. Presha ya macho, kisukari kilichogusa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) na kovu kwenye kioo cha mbele cha jicho navyo hufifisha uoni, na leza haisaidii hata kimoja. Kwa hiyo anza mapokezi na barua ya rufaa pamoja na kadi ya upasuaji yenye tarehe, jicho lililofanyiwa na namba ya lenzi. Aliyefanyiwa kwenye kambi ya upasuaji wa macho na kupoteza kadi aseme mapema, ili tupange muda wa kumpima upya. Utapimwa uoni, presha ya jicho na retina, kisha utasaini fomu ya ridhaa baada ya kuelezwa, si kabla. Lipia dirishani tu na udai risiti. Anayekuomba fedha kwenye korido ili akupitishe foleni ripoti jina lake, atashughulikiwa yeye, si wewe. Kadi ya bima ni ya mwenye jina lililoandikwa juu yake. Anayekuja na kadi ya shemeji hatahudumiwa kwa kadi hiyo, nasi tunalazimika kuutaarifu mfuko wa bima. Hatuna hiari katika hilo, kwa hiyo tusibishane na wahudumu.

Baada ya leza tunakuomba usubiri ili tupime presha ya jicho tena, kwa kuwa inaweza kupanda. Wapo wanaotoroka wakiwahi daladala. Tafadhali msitoroke. Vidoa vyeusi vinavyoelea kama mbu ni vya kawaida, na hupungua ndani ya wiki chache. Visivyo vya kawaida ni vidoa vingi vinavyozuka ghafla, mimuliko kama radi, au kivuli kinachoshuka kama pazia upande mmoja. Hizo ni dalili za retina kubanduka. Ni nadra, na hatari ni kubwa zaidi kwa wasioona mbali, lakini zikitokea njoo siku hiyo hiyo, hata kama kliniki yako ni wiki ijayo. Jicho likiuma sana na ukapata kichefuchefu, vivyo hivyo.

Kuhusu matone: tumia uliyoandikiwa, kwa siku ulizoandikiwa. Matone yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) yakinunuliwa kiholela na kutumiwa miezi mfululizo yanaweza kupandisha presha ya jicho bila maumivu yoyote, na uoni unaopotea kwa presha haurudishwi na leza hii wala na upasuaji. Asali na maji ya majani hayafiki hata kwenye mfuko tunaouzungumzia. Yanaishia kwenye kioo cha mbele cha jicho, nasi huyapokea yakiwa kidonda.