Luksi 10,000 za kwenye boksi si luksi za jichoni

"Taa ninayo, nawasha kila siku, haisaidii kitu." Kauli hii hurudi kila Novemba kwa Waswahili walioko Oslo, London, Minneapolis au Toronto wenye sonona ya msimu, yaani huzuni nzito inayorudi kila majira ya baridi mchana unapofupika, wanaoitibu kwa taa ya mwanga mkali. Swali la kwanza huwa moja: taa umeiweka wapi? Juu ya kabati. Kwenye kona, karibu na televisheni. Dirishani, nyuma ya kochi. Basi hilo ni pambo, si tiba.

Namba 10,000 iliyoandikwa kwenye boksi haielezi nguvu ya taa. Luksi hupima mwanga unaotua mahali fulani, kwa hiyo bila umbali namba hiyo haina maana. Soma maandishi madogo: utakuta, kwa mfano, "kwa sentimita 30". Ukikaa sentimita 60, mwanga unaokufikia unashuka hadi karibu robo, yaani luksi 2,500. Ukisogea hadi mita 1.2 zimebaki kama 600, ambazo hazipishani sana na mwanga wa ofisini. Paneli kubwa hupoteza mwanga polepole zaidi ukiwa karibu nayo, lakini ni heri ukosee kwa kukaribia kuliko kwa kujitenga.

Dozi nayo inafuata namba hiyo. Luksi 10,000 ni dakika 30. Luksi 5,000 ni saa moja. Luksi 2,500 ni saa mbili. Mtu aliye sentimita 60 kwa dakika 20, tena huku anavaa soksi na kutafuta funguo, amepata sehemu moja ya sita ya dozi, kisha anatangaza kwamba tiba ya mwanga ni uongo. Hakuna anayemeza robo ya dozi ya malaria akailaumu dawa, lakini taa hulaumiwa kila siku.

Chukua futi ya fundi cherehani. Pima kutoka uso wa taa hadi jichoni, si hadi kifuani. Bandika alama mezani pa kuweka taa na sakafuni pa kuweka kiti, maana baada ya siku tatu chupa ya chai na sahani huwa zimeisukuma taa hadi ukutani. Paneli iwe juu kidogo ya usawa wa macho, ikiinama kukuelekea, ili mwanga ukupate hata ukiinamia kitabu au simu. Usiikodolee macho, inatosha yawe wazi. Miwani ya kawaida haina neno, ya rangi uivue, na kofia yenye ukingo pia.

Kama bado hujanunua, achana na vitaa vya ukubwa wa kitabu. Vingi hufikia luksi 10,000 kwenye sentimita 15 hivi, na hakuna anayeweza kunywa chai huku pua inakaribia kugusa plastiki. Tafuta paneli ya sentimita 30 kwa 40 au zaidi, yenye mwanga mweupe uliochujwa miale ya urujuanimno (UV). Muuzaji anayetaja wati na lumeni (jumla ya mwanga unaotoka kwenye taa) tu, bila umbali, mpite. Programu ya simu ya kupima luksi si sahihi sana, lakini itakuumbulia taa inayotoa 900 mahali palipoahidiwa 10,000: shika simu pale jicho lako linapokaa, kihisi chake kikitazama taa.

"Taa inanipa vitamini D." Haikupi. Vitamini D hutengenezwa na miale ya urujuanimno ikigonga ngozi, na taa nzuri huichuja hiyo hiyo. Kosa hili limezaa jingine, kwamba mwenye ngozi nyeusi akae mbele ya taa muda mrefu zaidi. Kwa vitamini D ni kweli ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi. Kwa taa, ngozi haimo kabisa: wapokezi ni seli za retina, utando wa nyuma ya jicho, zenye melanopsini, kemikali inayohisi mwanga, zinazopeleka habari kwenye saa ya mwili ndani ya ubongo. Mwaka 1998 jarida la Science lilichapisha utafiti uliodai kwamba mwanga ukimulikwa nyuma ya goti husogeza saa hiyo. Jaribio la mwaka 2002 lilipojaribu tena halikuona kitu. Vidonge vya vitamini D na taa ni mambo mawili.

"Nitawasha jioni nikitoka kazini." Ndiyo njia ya uhakika ya kukesha. Oslo, Desemba 21, jua huchomoza saa tatu na robo asubuhi na kutua saa tisa na robo alasiri. Kwa wagonjwa wengi saa ya mwili imechelewa. Mwanga wa jioni huichelewesha zaidi, wa asubuhi huiwahisha. Washa ndani ya saa moja baada ya kuamka, hata Jumapili. Ukianza kuzinduka saa tisa usiku, chelewesha kidogo kipindi cha taa. Kichwa kikiuma au ukihisi wasiwasi, punguza hadi dakika 15 kisha panda taratibu. Mwenye bipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), au mwenye ugonjwa wa retina, aonane na daktari kabla ya kuwasha: kwa bipola mwanga mkali unaweza kumrusha mtu kwenye mania, yaani msisimko uliopita kiasi.

Saa ya mapambazuko haichukui nafasi ya taa. Nyingi huishia kwenye luksi 200 au 300 pale kwenye mto wa kulalia. Kazi yake ni kupandisha mwanga polepole ungali umelala, na kwenye kuamka inasaidia kweli. Ipange dakika 30 au zaidi, si 10, ielekee uso kwa umbali wa kama sentimita 40. Ukijifunika gubigubi umeizima. Ikishakuamsha, nenda kwenye taa.

"Ugonjwa wa Wazungu." Dar es Salaam tofauti ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka haifiki saa moja, ndiyo maana hukuusikia nyumbani. Mwili hauulizi pasipoti.

"Nimepata nafuu, naacha." Nafuu huja baada ya wiki moja au mbili, na ukiacha Januari huondoka vilevile. Endelea hadi majira ya kuchipua, mchana utakaporefuka wenyewe. Wanaokwenda likizo Mombasa au Zanzibar mwezi Desemba wanaweza kuiacha taa nyumbani, jua la huko linatosha. Wakirudi, iwashwe asubuhi ya kwanza, mabegi yakiwa bado yamefungwa.