Namba ya Paketi Haikupimwa kwa Baruti

Malalamiko kutoka matimbo ya mawe yanaongezeka, na mengi yanafanana: "Tulivaa viziba masikio, mbona masikio bado yanalia?"

Tuitazame namba ya desibeli iliyochapwa kwenye paketi, inayosema kiziba hupunguza sauti kwa kiasi gani. Ilipatikana kwa watu walioketi katika chumba kimya wakasikilizishwa sauti hafifu, kwanza masikio yakiwa wazi, kisha yakiwa yamezibwa. Inakufaa kando ya mashine ya kusaga kokoto. Kwa mlipuko, haikuambii mengi.

Hakuna maabara itakayomlipulia mtu baruti sikioni. Badala yake hewa hushindiliwa ndani ya bomba, nyuma ya utando wa plastiki, hadi utando upasuke na wimbi la mshtuko lichomoke mdomoni mwa bomba. Spika haiwezi kazi hiyo. Shinikizo la mlipuko hupanda ghafla mno. Mbele ya bomba huwekwa kichwa bandia chenye maikrofoni ndani ya masikio, na matundu ya masikio hayo hupashwa joto la mwili, maana viziba vya sponji hukaa tofauti vikiwa baridi. Kiwango cha upimaji cha Marekani, ANSI/ASA S12.42, kinataka vipimo vya karibu desibeli 132, 150 na 168. Toka cha kwanza hadi cha mwisho, shinikizo huzidi mara 60. Hapo ndipo viziba vyenye kitundu chembamba hujulikana: huruhusu maongezi, ila huzuia zaidi kadiri mlipuko unavyokuwa mkali.

Pamba si kiziba. Visikilizio vya simu navyo si viziba. Na anayesema sikio lake "limezoea" akapimwe usikivu.

Kanuni za kelele za Kenya za 2005 zinaweka ukomo wa desibeli 90 kwa saa 8, na kilele cha 140 wakati wowote ule. Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, msimamizi wa eneo la kazi anayekiuka wajibu wake hukabiliwa na faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Mfanyakazi asiyevaa kifaa alichopewa: faini isiyozidi shilingi 50,000, kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili.

Mwajiri, kabla ya kununua, mdai muuzaji matokeo ya kipimo cha mlipuko, kwa maandishi, uyaweke kwenye faili. Mfanyakazi, viringisha sponji, vuta sikio juu na nyuma, ingiza, shikilia hadi ivimbe. Fanya hivyo kabla king'ora hakijalia, na usivue hadi itangazwe kwamba ulipuaji umekwisha.