Kabarnet mpaka Iten kwa miguu: ramani weka kwa mfuko, uliza watu

Kila mara mtu ananitumia meseji anataka ramani ya njia ya miguu ya kutoka Kabarnet, kushuka bonde la Kerio na kupanda mpaka Iten, nami namjibu ramani ninayo lakini haitakusaidia sana, basi anafikiria namnyima makusudi ndio anilipe nimpeleke. Wacha nieleze leo mara moja, nikiulizwa tena niwe natuma hii tu.

Kazi yangu ni kuongoza watu kwa matembezi ya siku kadhaa, natokea hapa Nakuru. Hii kazi ilipanuka sana kuanzia 2020, watu walikuwa wamechoka kukaa ndani wakaanza kutafuta milima. Siku hizi ukienda Menengai wikendi utapata mabasi, vikundi vya tisheti moja, spika, picha pale juu kwa mita 2,278, alafu saa tisa kila mtu yuko kwa gari anarudi. Sina neno na hiyo, ata mimi inanilisha. Lakini mtu wa hiyo haiki ya siku moja anarudi nyumbani akijua watu walewale aliokuja nao, na mara nyingi ata hao hajawajua vizuri juu kila mtu alikuwa na simu.

Safari ndefu ni kitu kingine kabisa na sababu si urembo wa mahali. Sababu ni shida. Siku ya kwanza jioni maji yameisha, miguu inawaka, hujui utalala wapi, na mtu pekee anayeweza kukutoa hapo ni mtu usiyemjua.

Kule Marekani wako na ile njia inaitwa Appalachian Trail, karibu kilomita 3,500 kutoka Georgia mpaka Maine, inapita majimbo 14, ilikamilika 1937. Imepakwa alama nyeupe kwa miti na mawe kutoka mwanzo mpaka mwisho, na kuna vibanda vya kulala njiani. Unaweza kutembea siku na siku bila kuuliza mtu kitu. Na bado waliotembea huko, ukiwasikia, wanaongea juu ya watu zaidi ya milima, venye walipeana majina mapya ya njiani na wakayazoea kuliko ya kwao, venye wakaaji wa miji ya karibu wanawaachia soda na chakula kando ya njia ama wanawapa lifti bure wakanunue vitu, hao wanaitwa malaika wa njia.

Mimi huyo wa huko ninayempenda zaidi ni Emma Gatewood. 1955, akiwa na miaka 67, mama wa watoto 11, aliambia watoto anaenda kutembea kidogo, basi, akabeba mfuko wa kitambaa aliojishonea mwenyewe, viatu vya raba, hema hana, na akamaliza njia yote peke yake. Alikuwa anabisha tu kwa milango ya watu aombe chakula na pa kulala, wengine wanamkaribisha, wengine wanamkatalia anaenda mbele. Huyo mama ungemleta Kerio hangehitaji mimi.

Kwa sababu huku kwetu hakuna alama. Barabara ya lami ipo, inazunguka zunguka na kona zake, lakini njia za miguu zinazokata kona ni za wenyewe, za watoto wa shule na mbuzi na akina mama wa sokoni, zinagawanyika kila saa na hakuna aliyepaka rangi jiwe. Kila njia panda lazima uongee na mtu. Wageni wanaona hiyo ni upungufu, wananiambia kaunti ingeweka vibao, mimi nasema wacha vibao vikae huko huko.

Sasa kuuliza njia nako ni ufundi, na hapa ndio nakula mshahara wangu. Ya kwanza, usiulize "hii njia inaenda Tambach?" Utaambiwa ndio. Si kwamba mtu anakudanganya, ni heshima, mgeni ameuliza kitu na uso wake unaonyesha anataka ndio, utamkataliaje? Uliza "mtu akienda Tambach kutoka hapa anapitia wapi?" hapo lazima afikirie, anyooshe mkono, aite na jirani wabishane kidogo, na huo ubishi ndio unakupa njia ya ukweli. Ya pili, usiulize ni kilomita ngapi, utaambiwa "hapo tu" na hapo tu inaweza kuwa nusu siku. Uliza "mama akitoka sokoni saa mbili na mzigo kichwani, anafika saa ngapi?" Hiyo hesabu haijawahi kuniangusha, ila uongeze muda kama kundi lako ni la watu wa ofisi.

Na kabla ya hayo yote, salamu. Upande wa Kabarnet ni Watugen na ule mwingine ni Wakeiyo, wote ni Wakalenjin, kwa hivyo "chamgei" itakubeba bonde lote, na mkono unapeana, na kama ni kogo, yaani nyanya mzee, amekaa nje ya nyumba unasimama unaeleza umetoka wapi na mko wangapi na mnaenda kufanya nini. Ataanza kukuhurumia. Mbona mnatembea na matatu iko? Gari limeharibika? Hakuna jibu zuri la hilo swali, mimi husema hawa watu wa mjini wanatafuta jasho, anacheka, anaita wajukuu walete maji.

Chai ikiletwa mnakunywa. Najua mna haraka, mnakunywa. Mursik ikiletwa kama tumbo lako halijaizoea chukua kidogo lakini chukua, na usifu, hiyo ni maziwa iliyokaa kwa kibuyu kilichosuguliwa na mkaa na wanaoitengeneza wanajua kama umependa ama unaigiza. Nimeona kundi limepoteza saa nzima kwa boma moja na ndio hiyo saa wanayoongea juu yake mpaka leo, hakuna anayekumbuka ule mtazamo wa juu tuliokuwa tunakimbilia.

Kulala ni hivi. Ikifika saa kumi, si saa kumi na mbili, saa kumi, tunatafuta mzee wa kijiji ama naibu chifu, tunajitambulisha, tunaomba uwanja wa shule au kanisa tupige hema. Hiyo si kibali tu, ni usalama, juu sasa nyinyi ni wageni wa mtu. Pesa tunatoa, na tunampa mkononi yule mama aliyetuchemshia maji, kimya kimya, si mbele ya watu kama tuzo. Nabeba pia sukari na majani. Peremende za watoto nimekataza kabisa kwa vikundi vyangu, ukigawa leo, kesho kila mtu mwenye mfuko mgongoni atafukuziwa mpaka mtoni.

Ndani ya kundi lenyewe kuna kitu hutokea karibu siku ya tatu. Mwanzo watu wanaongea kazi, wanaongea magari. Kabarnet iko juu, karibu mita 2,000, unashuka mpaka sakafu ya bonde iko kama nusu ya hiyo, joto linakupiga, magoti yanalia, kucha za vidole vya mbele zinagonga kiatu, alafu kuanzia Biretwo unaanza kupanda ukuta wa Elgeyo mpaka Iten kwa mita 2,400. Huo mpando unanyamazisha kila mtu. Na baada ya kunyamaza ndio maneno ya kweli yanatoka, mtu anakuambia habari ya ndoa yake ama ya baba yake aliyekufa, nadhani ni kwa sababu mnatembea mmoja mbele mmoja nyuma, hakuna macho kwa macho. Mimi hupanga yule wa pole zaidi aende mbele na mwenye mbio akae nyuma kabisa na mzigo mzito kidogo. Wenye mbio huchukia hiyo siku ya kwanza. Siku ya tatu ndio utawapata wamebebea mwenzao mfuko bila kuambiwa.

Wale mnaoniuliza usalama: njia hii ya Kabarnet, Tambach, Iten ni ya kusini na nampeleka mtu bila wasiwasi, baada ya kupiga simu chini kwanza. Kaskazini zaidi, kuelekea Tiaty, hapana, ata Februari 2023 serikali ilipeleka jeshi huko kwa sababu ya wizi wa mifugo, na mimi sipeleki watu mahali wenyeji wenyewe wanalala jicho moja wazi. Mvua ndefu pia acha, yale mawe ya Elgeyo yakilowa hayachezi na mtu. Januari na Februari ni sawa, joto la bonde likali lakini mnatoka saa kumi na moja asubuhi na mchana mnalala chini ya mwembe.

Mtapita Cheploch, pale mto Kerio umebanwa na mawe chini ya daraja na vijana wanaruka kutoka juu. Watakuomba pesa waruke. Mpatane bei wakiwa bado wamesimama kwa mwamba, ukingoja watoke majini hiyo bei itakuwa imepanda.