Chakula duniani kipo, tatizo ni nani kafunga mlango

Kila mwaka ikikaribia tarehe 16 Oktoba, siku ya chakula duniani, sisi wa idara za chakula tunazunguka mashuleni na masokoni kuongea na watu, na swali linalorudi ni lile lile: hivi kweli dunia imeishiwa chakula? Jibu ni hapana, chakula kipo. Nafaka peke yake, yaani ngano, mahindi, mchele, mtama na wenzao, dunia inavuna zaidi ya tani bilioni 2.8 kwa mwaka, chukua hizo gawa kwa watu bilioni 8 na ushee halafu gawa tena kwa siku 365, unapata karibu kilo moja ya nafaka kavu kwa kila mtu kila siku, mtoto mchanga yumo na babu asiye na meno yumo. Nani anamaliza kilo nzima kwa siku?

Ila usishangilie bado. Zaidi ya theluthi ya nafaka hizo wanakula kuku, nguruwe na ng'ombe, na kule Marekani zaidi ya theluthi ya mahindi yao yanageuzwa mafuta ya kuendeshea magari. Na ripoti ya FAO, shirika la chakula na kilimo la UN, na mashirika wenzake iliyotoka 2025 inasema mwaka 2024 watu kama milioni 673 walikuwa na njaa, milioni 307 kati yao wako Afrika, yaani huku kwetu kwa kila watu watano mmoja hana uhakika hata wa kushiba. Wasiomudu mlo kamili, wenye mboga, matunda na kitoweo, ni bilioni 2.6 duniani. Sasa chakula kipo na njaa ipo, maana yake hapo katikati kuna kitu kinakwamisha.

Kinachokwamisha kwa ubaya kuliko vyote ni vita, na hapo hakuna ubishi. Ukisikia wataalamu wametangaza baa la njaa, famini, ujue wamepima vitu vitatu: angalau kaya 20 kati ya 100 zina upungufu wa chakula uliopitiliza, watoto 30 kati ya 100 wana utapiamlo mkali, na kila siku wanakufa watu wawili kwa kila watu 10,000. Ilitangazwa Somalia 2011, Sudan Kusini 2017, kambi ya Zamzam kule Darfur, Sudan, 2024, Gaza 2025. Angalia hiyo orodha vizuri uniambie ni wapi hakukuwa na bunduki. Hata Somalia ambako ukame ulikuwa wa kweli kabisa, ukame huo huo uliwapiga Kenya na Ethiopia na huko famini haikutangazwa.

Lakini leo nataka tukae zaidi kwenye kitu kinachotugusa hata sisi tusio na vita, nacho ni serikali kufunga mipaka chakula kisitoke. Watu wengi hawajui kwamba bei ya kilo ya mchele inaweza kuruka mara mbili na hakuna shamba hata moja lililokauka.

Mchele ndo mfano mzuri kwasababu soko lake la kimataifa ni dogo. Mchele unalimwa mwingi sana ila karibu wote unaliwa kwenye nchi ulipolimwa, unaovuka mipaka ni kama sehemu moja kati ya kumi, na wauzaji wakubwa unawahesabu vidole vya mkono mmoja, India, Thailand, Vietnam, Pakistan, basi hao ndo wenye soko. Mmoja akinuna tu dunia nzima inasikia.

Mwanzoni mwa 2008 tani ya mchele wa Thailand ilikuwa chini ya dola 400. Kufika mwezi wa nne imegonga dola 1,000 na zaidi. Ungedhani mafuriko yamefagia mashamba yote ya Asia, kumbe mavuno ya msimu ule yalikuwa makubwa kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa mpaka wakati ule! Kilichotembea ni hofu tu. Ngano ilikuwa imepanda, dizeli imepanda, India ikaona ijilinde mapema ikazuia mchele wa kawaida kutoka tangu mwezi wa kumi 2007, Vietnam nayo ikabana, Misri ikafunga. Upande wa pili wanunuzi kama Ufilipino wakaingia na tenda kubwa kubwa, wanataka mzigo kwa bei yoyote ile, wafanyabiashara walipoona hivyo wakakalia mizigo wakisubiri kesho, na mtu wa mtaani aliyezoea kununua kilo tano akabeba gunia kabisa, na huwezi kumlaumu. Haiti waziri mkuu alipoteza kiti mwezi huo wa nne baada ya maandamano ya bei ya chakula.

Sasa sikia ilivyoisha, maana hapa ndo pana somo lenyewe. Japani wakati ule walikuwa wanajitosheleza kwa mchele, tena ni wachaguzi, mchele wa nje walikuwa hawautaki mezani, ila masharti ya WTO, shirika la biashara duniani, yaliwalazimisha wanunue kiasi kila mwaka, kwahiyo walikuwa na zaidi ya tani milioni moja ya mchele wa kigeni umelala maghalani. Mwezi wa tano ikatoka habari kwamba wako tayari kuuzia Ufilipino sehemu ya mzigo ule. Habari tu. Hakuna meli iliyong'oa nanga, na bei ikaanza kuporomoka, kwasababu wote waliokuwa wameficha mchele wakajua sasa mlango umefunguka wakakimbilia kuuza kabla hawajala hasara. Mimi nikimsikia mtu anasema ghala la akiba la serikali ni pesa iliyolala bure huwa namsimulia hii habari ya Japani, maana siku nyingine ghala linafanya kazi kwa kujulikana tu kwamba lipo na lina mzigo.

Je dunia ilijifunza? Kidogo sana. Septemba 2022 India wakazuia chenga za mchele kutoka nje, sisi huku chenga tunaziona chakula cha kuku au cha mtu aliyeishiwa lakini Senegal chenga ndo chakula chao cha heshima, wanapikia samaki na kukaribishia wageni, na walizizoea kutoka huko huko India. Halafu Julai 20, 2023 India wakafunga mchele mweupe wote usio basmati. India peke yake ni kama asilimia 40 ya mchele unaouzwa kimataifa. Kwa upande wao sababu zilieleweka, mvua za monsuni zilikuja ovyo, bei za vyakula ndani zinapanda na uchaguzi mkuu ni mwaka unaofuata. Ila ndani ya siku chache watu wenye asili ya India kule Marekani na Kanada wakawa wanagombania mifuko ya mchele supamaketi, na mwezi wa nane bei ya Thailand ikafika juu kuliko ilivyowahi kufika kwa miaka kama 15. Zuio limekuja kuondolewa Septemba 2024.

Ngano na mbolea nitapita haraka maana 2022 kila mtu aliisikia kwenye bei ya chapati. Urusi na Ukraine pamoja walikuwa wanauza zaidi ya robo ya ngano ya dunia inayovuka mipaka, vita vikaanza Februari 2022, bandari za Ukraine kwenye Bahari Nyeusi zikafungwa, Julai mkataba wa kuruhusu meli za nafaka ukasainiwa Istanbul na karibu tani milioni 33 za nafaka zikapita mpaka Urusi ilipojitoa Julai 2023. Kilichotuumiza zaidi wakulima wa huku naona ni mbolea, kwasababu urea inatengenezwa kwa gesi asilia, gesi ikipanda urea inapanda, na mkulima wa Songea hana habari na bomba la gesi la Ulaya anashangaa tu kwanini mfuko umekuwa hausogeleki. Ndo maana msimu wa 2022/23 Tanzania iliweka ruzuku ya mbolea.

Tuje nyumbani. Sisi ni watu wa ugali, na ugali wetu ni wa mahindi meupe. Hapa kuna kitu hakisemwi vya kutosha: mahindi yanayojaa kwenye masoko ya dunia ni ya njano, ya kulisha mifugo. Meupe yanayouzwa kimataifa ni machache, ukitoa Afrika Kusini na Mexico hubaki na wengi wa kuwapigia simu. Kwahiyo mahindi meupe yakikosekana ukanda huu, ngoja ngoja ya meli inakuwa ndefu na bei kali, na wa kukuokoa haraka ni jirani yako.

Mwaka 2024 tuliliona hilo wazi. El Niño ilikausha kusini mwa Afrika, Zambia wakatangaza janga la kitaifa Februari 29, Malawi na Zimbabwe wakafuata, Afrika Kusini wenyewe mavuno yameshuka. Tanzania tulikuwa na mzigo, NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, wakasaini kuwauzia Zambia tani 650,000 za mahindi. Fikiria kama tungekuwa tumefunga mpaka mwaka ule, wao wangelala njaa na mkulima wa Rukwa angelia na mahindi yake stoo. Na tusijifanye watakatifu, sisi wenyewe 2017 tulizuia mahindi kwenda nje, lengo lilikuwa zuri, nchi isiishiwe, lakini Nyanda za Juu Kusini bei ya shambani ikaporomoka vibaya. Mkulima aliyeumia mwaka huu mwakani anapunguza heka, kwahiyo zuio linalowekwa ili kulinda chakula linakuja kukipunguza. Huo ndo msimamo wangu, najua wapo wenzangu wanaoona tofauti.

Sasa kuna mlango mwingine ambao hatufungiwi na siasa, tunajifungia wenyewe kwa unyevu. Machi 2021 Kenya ilitangaza kuzuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumukuvu, sumu ya kuvu wa mahindi yasiyokauka, malori yakapanga foleni Namanga, siku chache baadae wakalegeza kwa masharti: muagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti cha ulikotoka, na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, ambacho ndo kiwango cha Afrika Mashariki nzima. Wapo waliosema ni fitina za biashara. Inawezekana kabisa, lakini Wakenya wana kidonda, 2004 huko Makueni na Kitui waliugua watu 317 wakafa 125 kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Na sisi 2016 tulizika watu kama 20 Dodoma na Manyara.

Sumukuvu inatoka kwenye kuvu anayeota kwenye mahindi na karanga zisizokauka. Sumu yenyewe huioni, haina harufu, na kuchemsha hakuiondoi, ugali unasonga vizuri tu na sumu imo. Mahindi yaliyooza usimpe kuku wala ng'ombe ukadhani umeokoa hasara, inakurudia kwenye mayai na maziwa.

Pale ghalani mzigo ukifika jamaa anachomeka bambo kwenye gunia, juu, katikati na chini, anamimina punje kwenye kipimo cha unyevu. Kikisoma zaidi ya asilimia 13.5 huo mzigo unarudi. Mama wa watu anasema mwanangu nimeanika wiki nzima, na ni kweli ameanika, ila ameanika chini kwenye udongo, mchana yanakauka usiku yanavuta unyevu wa ardhini. Turubai linamaliza nusu ya tatizo hilo.

Kipimo cha mashine ni bei, lakini nyumbani unaweza kutumia chupa. Chukua chupa ya kioo yenye mfuniko, kavu kabisa, weka mahindi mpaka robo, ongeza vijiko vikubwa viwili au vitatu vya chumvi ya unga iliyokauka (kama imeshika unyevu ikaange kidogo kwanza ipoe, hapa ndo wengi wanakosea), funga, tikisa dakika kadhaa, iache itulie dakika 10 hadi 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Chumvi ikibaki chini imelegea, umeshuka chini ya 15, lakini kwa mahindi ya kuuza au ya kukaa miezi mingi ongeza siku moja au mbili za jua ufikie hiyo 13.5, kisha chambua punje zilizovunjika na zenye ukungu, ndo uweke kwenye mifuko isiyopitisha hewa ufunge kamba mbili mbili. Ukifunga mahindi mabichi kwenye mifuko hiyo umefungia kuvu ndani, na hapo usilaumu mfuko.