Bomba jipya la choo kwenye bomba la kale: yasemwayo Lamu na yalivyo

Katika nyumba za mawe za mitaa ya Mkomani na Langoni, choo kikikarabatiwa au kikiongezwa ghorofani, kazi ngumu huja mwisho. Bomba jipya la plastiki la inchi nne lakutana na la udongo wa kuchoma, au la chuma, lililozikwa enzi za babu. Pale kwenye kiungo ndipo nyumba huharibika, na mara nyingi si kwa ubahili wa mwenyewe bali kwa maneno ambayo mafundi wamerithishana.

Baya kuliko yote ni hili: "Jaza simiti, haivuji hiyo." Siku ya kwanza haivuji kweli. Lakini simiti haishiki plastiki, uso wake ni laini mno. Tena plastiki hutanuka kwa joto: bomba la mita tatu lililo juani, joto likipanda nyuzi 20, hurefuka karibu milimita tatu na nusu, kisha usiku husinyaa. Udongo na chuma havifuati mwendo huo. Fukua kiungo cha simiti baada ya muda uone: ufa mwembamba kama unywele umelizunguka bomba, na chini yake mchanga umekuwa mweusi na unanuka. Kinachotakiwa ni mkono wa mpira mzito unaovaa mabomba yote mawili, ukakazwa kwa klipu kila upande. Klipu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Hapa si anasa. Za kawaida chumvi huzila.

"Inchi nne ni inchi nne" nayo imepoteza fedha za watu. Plastiki yenye milimita 110 imepimwa nje. Bomba la udongo la inchi nne limepimwa ndani, kwenye tundu, na ukuta wake ni mnene. Kwa hiyo la plastiki haliingii ndani ya tundu. Hukaa kwenye soketi tu, yaani ncha pana ya bomba la kale inayopokea bomba jingine, tena likipwaya. Fundi akikuta soketi imevunjika, huwasha makaratasi, akachoma ncha ya plastiki hadi ilainike, akaibana na kuisukuma ndani kwa nguvu. Inaingia, naam, lakini imefinyika na haikuwa duara tena, na matambara na karatasi hunasa hapo hapo. Njia ya uchafu haitakiwi kubanwa popote. Kabla ya kununua mpira, zungusha uzi kwenye bomba la kale, upime urefu wake, ugawe kwa 3.14. Uzi wa sentimita 41 maana yake bomba lina upana wa sentimita 13 kwa nje. Nenda dukani na namba hiyo, si na "inchi nne".

Gundi? Ile ya mabomba huyeyusha plastiki mbili zikawa moja. Kwa udongo au chuma haifanyi kazi, hata ukimimina kopo zima.

Wengine hushikilia kwamba mteremko ukiwa mkali zaidi ndio bora. Kwa bomba hili, sentimita mbili na nusu kwa kila mita zatosha. Ukizidisha, mwisho wa bomba unashuka chini zaidi, na shimo la choo nalo linafuata, hali karibu na ufuo maji ya ardhini hayako mbali. Kisima cha jirani kinaweza kuwa ng'ambo ya ukuta tu.

Ukutani, usilikandike bomba likakazwa na plasta. Kuta za matumbawe na chokaa hutulia polepole. Acha nafasi kulizunguka, uijaze kitu laini. Na kama bomba linapita upande wa barabarani, waulize kwanza watu wa Makumbusho ya Taifa: Mji wa Kale uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001.

Ukikuta la kale ni la saruji yenye asbesto, usiliguse kwa grainda. Vumbi lake husababisha saratani.

Harufu ikitoka, watu husema shimo limejaa. Pengine. Lakini gari la kunyonya haliingii vichochoroni, na kuchota kwa mikono ni kazi ya gharama, basi angalia kwanza kiungo na bomba la hewa.

Mwisho, kupima. Ziba upande wa chini kwenye chemba, kile kishimo cha kukagulia bomba, jaza maji, tia alama. Yakishuka, fundi atasema udongo hunywa maji. Hapo hakosei: bomba kavu la udongo hunywa kidogo mwanzoni. Ngoja saa moja, jazia hadi kwenye alama, ngoja tena nusu saa. Yakiwa yanashuka bado, mtaro wa bomba usifukiwe.