Je, wajua kwa nini ikweta inapita Uganda ilhali jangwa liko Sahara?

Watoto wa Uganda hufundishwa mapema kwamba ikweta inakatiza nchi yao, na wengi wamewahi kuiona alama yake pale Kayabwe, kando ya barabara ya kutoka Kampala kwenda Masaka. Wakishajua pia kwamba jua la ikweta ni jua la utosi, swali hujileta lenyewe: ikiwa jangwa huletwa na jua kali, mbona Masaka kuna migomba tele, na jangwa likawa Sahara, mbali huko kaskazini? Mwalimu asilipuuze swali hili, kwa maana linafichua upungufu wa michoro ya vitabuni, ambamo jangwa ni jua kubwa, mchanga wa manjano na ngamia mmoja.

Kinachofanya mahali paitwe jangwa ni uhaba wa mvua, wala si joto wala mchanga. Kipimo kinachotumiwa sana ni mvua isiyofika milimita 250 kwa mwaka, wakati Kampala hupata zaidi ya milimita 1,000. Kwa kipimo hicho, Antaktika iliyofunikwa na barafu ndiyo jangwa kubwa kuliko yote duniani. Karamoja nayo, kaskazini mashariki mwa Uganda, ambayo watu wa kusini hupenda kuiita jangwa, si jangwa hata kidogo, bali ni nyika kame ambayo mvua yake haina uhakika lakini bado huotesha mtama na malisho ya ng'ombe.

Sasa turudi kwenye swali. Jua la ikweta hupasha joto ardhi na maji, Ziwa Victoria likiwamo, na hewa yenye unyevu hupanda juu. Kadiri inavyopanda ndivyo inavyopoa, mvuke wake ukageuka matone, yakatokea mawingu mazito na zile mvua za radi ambazo wakazi wa Entebbe wanazifahamu vizuri. Hewa hiyo ikishamwaga maji yake hutawanyika huko juu kuelekea kaskazini na kusini, kisha hushuka ikikaribia latitudo ya nyuzi 30. Hapo ndipo penye siri yenyewe, kwa kuwa hewa inayoshuka hubanwa, na hewa inayobanwa hupata joto, kama anavyojua kila mtoto aliyewahi kugusa pampu ya baiskeli baada ya kujaza tairi upepo. Hewa yenye joto na isiyo na unyevu wa kutosha haiwezi kufanya mawingu. Kwa hiyo jua lile lile linaloinyeshea Uganda huchangia kuikausha Sahara, na upande wa kusini Kalahari vilevile.

Si kila jangwa huelezeka hivyo. Chalbi, kaskazini mwa Kenya, liko karibu sawa na mji wa Moroto wa Karamoja kwa umbali kutoka ikweta, yaani mbali na zile nyuzi 30. Ukavu wake unatokana zaidi na ardhi ya chini iliyo kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, ambamo pepo hupita kwa kasi bila kupanda vya kutosha kuleta mvua.

Kuhusu mchanga, watoto hushangaa wakiambiwa kwamba unafunika takriban robo tu ya Sahara, na kwamba sehemu iliyobaki ni changarawe, miamba mitupu na hata milima, mmojawapo ukiwa Emi Koussi wa nchini Chad wenye urefu wa mita 3,415. Lakini matuta ya mchanga yanastahili kipindi kizima, na hayahitaji vifaa vya gharama. Mwaga mchanga mkavu polepole mahali pamoja, ule wa ujenzi unafaa kabisa, nao utajikusanya kuwa kilima chenye ubavu ulioinama kwa nyuzi zipatazo 34. Ukiongeza zaidi, mchanga huporomoka na mwinamo kubaki ule ule. Huo ndio mwinamo wa upande wa tuta uliokingwa na upepo. Upande unaopigwa na upepo una mteremko mpole, chembe husukumwa kuupanda, zikifika kileleni huangukia ng'ambo, na hivyo tuta zima huhama kidogo kidogo. Lowanisha mchanga huo, kisha wape watoto waupulize: hautasogea. Bila ukavu hakuna matuta yanayohama.

Ukavu huo huo ndio unaofanya usiku wa jangwani kuwa wa baridi, kwani pasipo mawingu wala unyevu hewani, joto la mchana hupotea upesi.

Jambo la mwisho ambalo watoto wakubwa wanaweza kulielewa ni kwamba Sahara haikuwa hivi siku zote. Kati ya miaka 11,000 na 5,000 hivi iliyopita, mabadiliko ya polepole katika mwelekeo wa mhimili wa dunia yaliiongezea kaskazini jua la kiangazi, ukanda wa mvua ukasogea hadi ndani ya Sahara, kukawa na maziwa, nyasi na viboko. Michoro ya ng'ombe na wachungaji wao ingali inaonekana kwenye miamba ya Tassili n'Ajjer nchini Algeria, katika eneo ambalo leo haliwezi kulisha kundi kama hilo.