Sensa isipolia, si kwamba nyuma ni peupe

Madereva wengi huamini kwamba sensa za bampa, vile vifaa vinavyolia gari likirudi nyuma na kukaribia kitu, zikinyamaza, nyuma hakuna kitu. Sivyo. Sensa hurusha mawimbi ya sauti tusiyoyasikia, kisha husubiri mwangwi. Ukuta huurudisha vizuri. Nguzo nyembamba au nguo laini hurudisha kidogo. Na mtoto aliyechuchumaa karibu kabisa na bampa, akiokota gololi yake, anaweza kuwa chini ya mawimbi yenyewe. Hilo ndilo linaloniogopesha. Ukimudu kifaa kimoja tu, nunua kamera ya kuonyesha nyuma ya gari. Marekani iliilazimisha kwa magari mapya kuanzia Mei 2018, kufuatia vifo vya watoto waliogongwa na magari yakirudi nyuma. Ila lenzi uifute: tope kidogo tu, huoni kitu.